Kura Nne za Wimbo wa Sita

Kuna kundi moja la WhatsApp ambalo nimejitoa mara tatu, na mara tatu wamenirudisha bila kuniuliza. Linaitwa Fans Club Les Lianes, Section Mère. Section Mère, yaani tawi mama! Utadhani tulikuwa na matawi mpaka Ulaya, kumbe tulikuwa watu ishirini na watatu wa Mangobo, na mikutano yetu tuliifanyia kwenye atelier ya ushonaji, juu ya mabenchi mawili. Les Lianes walikuwa wasichana watatu wa hapa hapa Kisangani. Waliimba, walicheza, walitoa albamu moja ya nyimbo tisa, wakaachana. Miaka kumi na minane imepita. Lakini fungua simu yako asubuhi yoyote utakuta watu wazima, wenye vipara, wenye kisukari, wenye kulipia watoto chuo, bado wanagombana ni wimbo gani ulipaswa kutolewa kwanza kama single. Mmoja anatuma sauti ya dakika sita kueleza kwamba wimbo wa tatu ulikuwa na gitaa zuri ila Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi. Mwingine anamjibu kwa dakika tisa. Halafu, kama kawaida, wote wanafika pale pale: wimbo wa sita. Tulikosea, tungechagua wa sita. Na kila mmoja anamalizia na sentensi ile ile inayonipandisha damu: miye nilikuwa kati ya wale wane.

Wane, yaani wanne, ndio waliopigia kura wimbo wa sita. Mwaka huu nilianza kuwahesabu hao wanne kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa nyuma. Nimefika kumi na saba. Watu kumi na saba wanakaa kwenye viti vinne na hakuna anayeona haya! Wiki mbili zilizopita nilikuwa nashona suti ya bwana harusi, nikasoma ujumbe wa Président wetu, Dieumerci, anayejiita Président mpaka leo, ameandika: “Wane tu, na miye wa kwanza.” Nilikasirika hadi nikashona mguu wa suruali juu ya mguu mwingine. Nikaifumua nikitukana peke yangu. Nilikuwa bado nafumua, ujumbe mwingine ukaingia: mama yake Béa amefariki. Béa ndiye aliyetunga wimbo ule, na mama yake ndiye aliyemo ndani yake. Watu waliweka alama za machozi, wakanyamaza kama nusu saa. Kisha mmoja akaandika: “Njo maana nilisema tuchague ile nyimbo.” Na mjadala ukaendelea. Aka! Nikaweka simu ndani ya droo ya vifungo. Basi mwaka ule nitausimulia mimi, na habari za wazazi wangu, nilizaliwa wapi, nilisoma wapi, naziacha, hazina kazi hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa cherehani kwa mama Agnès. Atelier yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili upande wa barabara na mlango wa nyuma unaotokea uani. Kulikuwa na cherehani nne, moja mbovu tuliyoiwekea redio-kaseti juu yake, meza ya kupigia pasi ya makaa, kioo kikubwa, na pembeni pazia la maua ambalo wateja walijaribia nguo nyuma yake. Chini kote ni vipande vya kitambaa. Ulifagia asubuhi, mchana vimerudi. Les Lianes walifanyia mazoezi uani kwa sababu mama Agnès alikuwa shangazi yake Nono, mkubwa wao. Wa pili alikuwa Sylvie, wa kucheza zaidi kuliko kuimba. Wa tatu alikuwa Béa, sauti nzito, mwembamba, mwenye kucheka akiwa ameziba mdomo na kiganja. Béa alikuwa rafiki yangu. Akimaliza mazoezi aliingia ndani na jasho lake, akakaa chini kando ya cherehani yangu, tukala lituma, ndizi za kuponda, na pondu ya majani ya muhogo kwenye sahani moja, tukisikiliza wengine wanavyosema uani. Ukuta ulikuwa wa mbao. Tulisikia kila kitu, hata yale wasiyotaka tusikie.

Klabu ya mashabiki ilizaliwa hivyo hivyo, kwa watu kupita na kusimama. Dieumerci alikuwa dereva wa toleka, akibeba watu kwa baiskeli kutoka Mangobo hadi sokoni. Alisimama siku moja kunywa maji, akasikia sauti, hakuondoka tena. Alijipa urais mwenyewe. Mimi nilipewa ukatibu kwa sababu nilikuwa na daftari. Wakati wa kurekodi albamu, klabu ilifanya kazi kweli, siwezi kuwanyima hilo. Wanaume walibeba vyombo kwa baiskeli hadi studio, wanawake walipika, mimi nilishona mavazi yote ya jukwaani. Aliyegharamia studio alikuwa tonton Muhindo, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini mwenye depo ya chumvi na sabuni. Mtu wa kanisa, mtaratibu, hakujua muziki hata kidogo na alikubali kwamba hajui. Alikuwa akisikiliza wimbo huku macho yapo kwenye nyuso zetu, sio kwenye redio.

Siku kaseti ya kwanza ilipofika, chumba kilijaa hadi mama Agnès akatoa meza ya pasi nje. Tulisikiliza nyimbo zote tisa, kisha tukaanza kelele. Nakumbuka kila neno kwa sababu yamerudiwa kwenye simu yangu kwa miaka.

“La première ni la première,” Dieumerci alisema. “‘Vaa Twende’ inafungua album, njo itafungua na milango. Mutu wa bar anasikia, anasimama.”

“Mutu wa bar anasimama hata kwa kelele ya moto,” Sylvie akamjibu kutoka dirishani. “Ya nne njo iko na danse.”

“Ya nne iko murefu sana! Mutu atacheza mpaka achoke, nyimbo ingali inaendelea!”

“Na ya tatu?” Nono akauliza.

“Ya tatu ni français ya nani ile? Kwanza mujifunze kusema.”

Nono alikasirika, maana Kifaransa cha wimbo wa tatu kilikuwa chake. Mama mmoja muuza makayabu, samaki wa chumvi, akasema yeye anataka wa nane kwa sababu unataja Mungu. Wakamzomea, akawazomea. Tonton Muhindo alikuwa amekaa kwenye benchi mikono juu ya magoti, akasubiri watulie, kisha akasema kwa sauti yake ya chini, “Na ile ya sita, juu ya nini hakuna mwenye anaisema?” Hakuna aliyeitaja kwa sababu wimbo wa sita ulikuwa umetutoa machozi sote, na watu wa Mangobo hawapendi kulia mbele ya wenzao kisha kuulizwa maoni.

Wimbo wenyewe uliitwa “Sahani ya Pili”. Ni wa mama anayepakua chakula kila siku sahani mbili, moja anakula, moja anafunika na kuiacha mezani, kwa mwanawe aliyeshuka mto na hajarudi. Basi, ni hivyo tu. Hakuna anayekufa ndani yake, hakuna Mungu, hakuna mapenzi. Gitaa moja, sauti ya Béa, na mwisho anaita jina moja mara tatu: Faustin, Faustin, Faustin. Dieumerci, huyu huyu wa kiti cha kwanza, alilia hadi akatoka nje kujifanya anakagua mnyororo wa baiskeli.

Sasa lazima niseme habari ya majina, maana ndiyo iliyotuua. Kwetu mwanamuziki akitaka kumheshimu mtu humtupia libanga, yaani huita jina lake ndani ya wimbo, katikati ya gitaa linapochangamka. Wakubwa wanaitwa, mabosi wanaitwa. Watu kama sisi hatuitwi. Lakini Les Lianes hawakuwa na namna nyingine ya kutushukuru, wakaamua kuwatupia mabanga mashabiki wote ishirini na watatu mwishoni mwa “Vaa Twende”. Wote! Muuza makayabu yumo. Dieumerci yumo, “Président ya ba-Présidents”. Na mimi nimo, wa kumi na nne, sauti ya Nono inasema: “Charlotte ya Mangobo, mukono ya zahabu!” Mnanielewa? Nilikuwa msichana wa kushona mikono ya mashati. Siku ile nilibaki nyuma ya wenzangu, nikarudisha kaseti, nikasikiliza. Nikarudisha tena. Mama Agnès akaniambia nitaharibu redio. Ningeweza kuivaa ile sauti.

Siku mbili baadaye Béa alinisaidia kupiga pasi. Alikuwa anapuliza makaa, akasema bila kuniangalia, “Charlo, Faustin haiko mutu wa nyimbo. Ni kaka yangu.” Nilijua alikuwa na kaka aliyesafiri, sikujua zaidi. Akanieleza. Walikuwa wakiishi watatu, yeye, mama na Faustin. Faustin alikuwa amekosa kazi muda mrefu. Siku moja mama akampakulia yeye kwanza, Béa akachoka, akamwambia mbele ya chakula, mwanaume mzima, hauna haya, kukaa hapa kula ya mama. Faustin aliacha kijiko. Asubuhi alipanda baleinière, moja ya zile boti kubwa za mbao, akashuka mto, hakuaga. Ulikuwa mwaka wa pili. Mama alikuwa hajamlaumu Béa hata siku moja, alipakua tu sahani ya pili na kuifunika, na Béa akaiona kila jioni.

“Redio hazitapiga album nzima,” akasema. “Zitapiga ile moja tonton atazitumia. Na baleinière zote kule chini zinafunguaka redio. Kama ni ya sita, ataisikia. Atasikia namuita. Atarudia.”

Nikamwambia awaeleze wote, wataelewa. Akakataa. “Nibaambie batu wote ni miye nilimufukuza? Hapana. Weye tu. Niahidi utaiweka.”

“Nimekuahidi.”

“Na kama hakuna mutu hata moja wa kuitaka, bon. Ntajua. Ntapanda bateau miye mwenyewe, ntaimba bandari kwa bandari, Yanonge, Isangi, Basoko, Bumba, mpaka nimukute. Sitangojea mutu tena.”

Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Nilimwambia pulizia makaa, pasi inapoa. Nilifikiri ni maneno ya hasira.

Tonton Muhindo aliamua mashabiki wachague kati ya nyimbo mbili, wa kwanza na wa sita. Alikuwa tayari kufanya video moja tu na kutuma wimbo mmoja tu kwenye redio. “Miye sijui muziki,” alisema, “nyinyi ndiyo mtausikiliza.” Kura ya karatasi tuliikataa kwa sababu tulijuana mwandiko. Nikatoa wazo la vitambaa, na nililionea fahari sana. Nilikata vipande vyekundu ishirini na vitatu kwa “Vaa Twende”, vya buluu ishirini na vitatu kwa “Sahani ya Pili”. Kila mtu alipewa viwili. Unaingiza mkono chini ya kitambaa kilichofunika sufuria, unaacha kimoja, kingine unakitupa kwenye gunia la mabaki. Waimbaji hawakupiga kura. Béa alikaa mlangoni akiwa amefumba viganja katikati ya magoti.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na buluu mkono wa kulia. Naapa ilikuwa mkono wa kulia. Halafu nikasikia lile jina langu, si kwenye redio, kichwani tu, Charlotte ya Mangobo, na nikaona redio zote za jiji zikilisema, wateja wakiniuliza ni weye? Nikajiambia, hawa wote walilia. Hawa wote wataweka buluu. Kipande changu kimoja hakitabadilisha kitu, wa sita utapita tu, na mimi nitakuwa angalau nimejipa heshima kidogo. Nikaacha chekundu. Ilichukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano.

Katibu ndiye wa kuhesabu. Nikachukua sufuria nyuma ya pazia la maua, nikapiga magoti, nikaimwaga sakafuni. Vyekundu. Nikatafuta chini yake, nikakung'uta sufuria, nikaingiza mkono ndani nikapapasa. Vyekundu ishirini na vitatu. Buluu hakuna, hata moja. Kila mmoja alikuwa amefanya hesabu ile ile yangu: wengine wataweka. Nje nilisikia Dieumerci anasema, “Katibu, unashona au unahesabu?” na watu wakacheka. Nilisikia hasira kwa wote wale, hasira ya kutaka kutoka na kuwapiga na sufuria, na nilijua sina haki nayo. Sufuri nisingeweza kumpelekea Béa. Moja angejua ni yangu tu, nayo ingekuwa uongo mchungu zaidi. Kumi mtu angeomba kuhesabu upya. Buluu zilikuwa zimejaa pale chini, mabaki ya kitambaa kile kile. Nikaokota nne, nikakata pembe zilingane, nikaficha nyekundu nne ndani ya blauzi. Nikatoka na kusema: “Kumi na tisa kwa nne.”

Wakashangilia wimbo wao. Nilichokiona mimi ni nyuso zao zikitazamana kisirisiri, kila mmoja akitafuta wale wanne walio bora kuliko yeye. Béa alinikumbatia hadi pini za kifuani mwangu zikamchoma. “Wane,” akaniambia sikioni. “Weye na batu batatu. Inatosha, Charlo. Kama iko batu wane, ntangojea. Ya mbili itakuwa yangu.” Na tonton Muhindo, aliyekuwa ameona machozi yake, akaahidi mbele ya wote kwamba single ya pili itakuwa ya Béa. Haikutoka kamwe. Sina hakika kama ilikuwa kosa la mtu fulani. “Vaa Twende” ilipendwa tu kupita kiasi, wakaitwa huku na huku kuicheza, mwezi ukavuta mwezi.

Ndivyo mwaka ule ulivyopita. Béa alivaa nguo nilizomshonea na kucheza wimbo ule Tshopo, Kabondo, Lubunga ng'ambo ya mto, hata Kapalata mbele ya wanajeshi, akisubiri. Na mimi, heshima niliyoitaka niliipata yote. Watu walinipigia kelele barabarani, mukono ya zahabu! Kwa kama majuma matatu ilikuwa tamu. Baadaye kila nikisikia lile jina nilitamani kuingia chini ya meza. Mara moja nilijaribu kumwambia Béa. Nilianza na “ile kura,” akanikatiza, akasema, “Weye usiseme kitu, weye ulinisikia.” Nikanyamaza. Nimekuwa hodari wa kunyamaza kwa mtu anayejulikana kwa maneno mengi.

Juma moja kabla ya Noeli Béa alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni jipya limejaa pini, mimi nimepiga magoti nakunja pindo. Mama mmoja wa Yanonge, mfanyabiashara wa mtoni, alikuwa benchini akisubiri blauzi yake. Redio ikapiga “Vaa Twende”. Yule mama akapiga makofi. “Ah, ile nyimbo! Kule Bumba kulikuwa kijana mumoja wa kubeba mizigo pale bandari. Alikuwa anasema ile sauti munene ni ya dada yake. Tulikuwa tunamucheka. Ile nyimbo ikianza anaacha mizigo, anakuja karibu ya redio, anasikiliza majina yote mpaka mwisho. Majina yote! Halafu anasema: anaita Kisangani nzima, miye ananiruka.” Akatikisa kichwa, bado akitabasamu. “Mawa, masikini. Homa ilimubeba mwezi uliopita. Faustin.”

Béa hakupiga kelele. Alisema, “Charlotte, toa pini.” Nilizitoa moja moja, nikamchoma mara mbili kiunoni na hakushtuka. Alivua gauni, akavaa lake la nyumbani, akatoka. Hakuimba tena na Les Lianes. Mwaka uliofuata aliolewa Isangi, akawa anafundisha kwaya ya parokia. Na tangu hapo, kila mtumbwi wa mtu anayefahamiana naye ukipanda Kisangani, ananitumia samaki wa kukaushwa, wamefungwa kwenye majani, na kikaratasi: kwa moja wa wale wane. Miaka kumi na minane! Nimewala samaki wale. Nimewapika na nyanya, nimewapa watoto wangu, nimewasifia. Mtu anaweza kukaa na chakula mdomoni na asijue ameze au ateme, mimi nilimeza.

Matanga ya mama yake yalikuwa Mangobo, chini ya turubai, viti vya plastiki, saa nne asubuhi. Section Mère ilikuja kwa sare, pagne ya zambarau niliyoishona mimi kwa hasira yote. Dieumerci alikuwa na hotuba mfukoni. Hawakukaa robo saa kabla ya mmoja kuanza kunong'ona kwamba video ya “Sahani ya Pili” ingechezewa hapa, kwenye ua huu, na mwingine kwamba hapana, mtoni. Kwenye matanga ya mwenyewe! Nilikuwa nageuka kuwanyamazisha, Béa akatokea mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, amenenepa, amezeeka vizuri. Akaniita kwa mkono. Nikaingia chumbani kwa mama yake, tukakaa kitandani, tukalia kidogo, tukaulizana watoto. Kisha akasema:

“Charlo, nilikuwa na neno moja. Mama amekwenda, miye nitauza nyumba, sitarudia huku tena. Nataka nibashukuru. Weye nakujua. Wale batatu wengine ni nani?”

Kulikuwa na majina ningeweza kumpa. Nje kule walikuwepo kumi na saba waliojitolea. Nilifungua mdomo kutaja la Dieumerci, kweli nilifungua, nikaona nitamtuma kwenda kumshika mkono Dieumerci na kumshukuru.

“Hakuna,” nikasema.

“Hakuna nini?”

“Hakukuwa wanne. Niliziweka mimi, kule nyuma ya pazia. Hakukuwa na hata moja.”

Nje mtu alikohoa, viti vikasogezwa. “Na ya kwako?” akauliza.

“Nyekundu. Kwa sababu ilikuwa inaniita jina.”

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, “Ile siku nilikuwa nimefunga sanduku. Ilikuwa chini ya hiki kitanda. Ungesema zero, ningelienda.” Akarudia: “Ningelienda, Charlotte. Bumba ni mbali gani?” Si mbali, nilijua si mbali, siku chache tu kwa boti. Nikamshika mguu. Akautoa, bila nguvu, kama unavyoutoa kwa mtoto. “Toka,” akasema. “Nenda ubaambie. Nimechoka kusikia wale wane.”

Nikatoka. Nilisimama mbele ya turubai, mbele ya sare zangu za zambarau, nikasema yote, sufuria, pazia, buluu nne za sakafuni, nyekundu ndani ya blauzi. Nilidhani wataona haya. Mama eh! Walisimama juu yangu. “Ulihesabu vibaya!” “Ya kwangu ilikuwa bleu, nakumbuka kabisa!” Muuza makayabu akasema nina wivu, nilikuwa nao tangu zamani. Dieumerci alinyanyua hotuba yake hewani, macho yamejaa machozi ya kweli, akaapa kwa watoto wake kwamba yeye aliweka buluu kwa mkono huu, huu hapa, na mimi ni mwongo. Wote waliapa. Na sidhani walikuwa wanadanganya, walikuwa wameshasahau. Nikageuka. Béa alikuwa mlangoni ameegemea fremu, anatusikiliza. Katika watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake aliniamini.